Punda Aliyegoma Mlangoni mwa Machimbo

Siku tatu mfululizo punda wetu aligoma kuingia machimboni, na siku hizo tatu watu kumi na mmoja walirudi makwao wakiwa wazima.

Siku ya nne nikamwingiza mimi.

Kwa mikono hii hii.

Na mgongoni mwake nilikuwa nimempandisha mjukuu wangu wa miaka sita.

Wajukuu zangu wa kwenye simu, sogeeni. Kama una mtoto mdogo hapo karibu, mwambie akacheze nje kwanza.

La, hapana. Nimekosea. Mwache akae hapo hapo, mpe na mto.

Shimo lenyewe lilikuwa la mchanga wa kujengea. Pana kama uwanja wa mpira, na njia moja tu ya kushukia, hiyo hiyo ya kupandia. Njia ilikuwa nyembamba, lori halifiki chini, kwa hiyo mchanga ulipanda kwa miguu ya punda. Punda sita, kila mmoja na shogi lake, yale makapu mawili yanayoning'inia huku na huku mbavuni.

Wachimbaji hawakuchimba kutoka juu. Waliula ukuta kwa chini, kidogo kidogo, mpaka juu pakabaki pameinama kama paji la uso la mtu aliyenuna. Kisha wanapagonga kwa mti mrefu, mchanga unashuka wenyewe.

Kazi ya haraka hiyo. Na kila mtu alijua ni ya hatari. Lakini hatari ukiilalia kila siku hugeuka godoro.

Punda wale walitembea kwa mstari. Wa mbele amefungwa kengele shingoni. Akienda, wote wanakwenda. Akisimama, wote wanasimama, hata uwachape mpaka mkono ufe ganzi.

Huyo wa mbele alikuwa wetu. Tuliachiwa na marehemu mume wangu. Tulimwita Jemadari.

Aliyemwongoza alikuwa mjukuu wangu wa kike, miaka kumi na mmoja. Tulimwita Kasuku, maana mdomo wake haukujua Jumapili. Mdogo wake tulimwita Kifurushi, kwa sababu tangu azaliwe alikuwa mtu wa kubebwa tu. Asipobebwa na dada yake, utamkuta ndani ya shogi, kichwa nje, kama kuku anayepelekwa sokoni.

Shule zilikuwa zimefungwa. Mama yao alikuwa amekwenda kumuuguza mama yake. Baba yao, mwanangu wa pekee, alikuwa mmoja wa wale wachimbaji kumi na mmoja.

Mimi nilikuwa juu, karibu na magogo mawili ya mlangoni, napikia watu chai. Ndiyo maana niliona yote.

Kuona niliona. Kutazama ndiko sikutazama.

Mambo yalianza hivi. Jioni moja Kasuku alikuja jikoni.

"Bibi, kule juu ya ukuta, kwenye majani tunakolishia punda, ardhi imepasuka."

"Kiangazi hiki, mjukuu wangu, hata kisigino changu kimepasuka."

"Bibi, mimi nasema kweli."

"Na kisigino changu kinasema uongo? Lete kuni."

Akaleta kuni. Nikaona yamekwisha.

Baada ya wiki moja, asubuhi, Jemadari alifika kwenye yale magogo mawili akasimama.

Sio kusimama kwa kupumzika. Kusimama kwa mtu aliyeambiwa hapa ndio mwisho.

Watano waliokuwa nyuma yake wakasimama pia. Vumbi likatulia.

"Wee Kasuku!" mchimbaji mmoja akapiga kelele kutoka chini. "Jemadari wako amekimbia vita?"

"Hajakimbia! Ameuona uso wako asubuhi asubuhi, anasubiri upite!"

Watu wakacheka mpaka wakashika magoti. Nyapara akaja na fimbo yake. Akamchapa moja, mbili, nne. Jemadari akapepesa macho tu. Masikio yake yalikuwa yameelekea mbele, kule shimoni, kama anayesikiliza mtu akiitwa jina.

Bila punda mchanga unapandaje? Mgongoni kwa nani? Saa sita mchana wote wakapanda juu, wakaenda nyumbani.

Siku ya pili, vile vile. Pale pale kwenye magogo.

Safari hii hakuna aliyecheka.

Kulikuwa na mchimbaji mmoja mkongwe tuliyemwita Kikohozi, mapafu yake yameshajaa mchanga kuliko mifuko yake. Akaja kunywa chai yangu, akakishika kikombe bila kunywa.

"Mama," akaniambia, "binadamu anaona kilichopo. Mnyama anaona kinachokuja."

"Kinakuja nini?"

"Mimi sio punda. Ningejua?"

Maneno yale yakatembea. Kufika jioni yalikuwa yameota miguu minane. Wengine wakasema chini ya shimo kuna kaburi. Wengine wakasema wamesikia mtu akivuta pumzi ndani ya ukuta. Mwanangu mwenyewe, mwanamume mzima mwenye ndevu, alikula chakula cha jioni akiwa ametazama mlango.

Usiku ule kabla ya kulala tukategeana vitendawili, kama kawaida yetu. Nikaanza mimi.

"Kitendawili!"

"Tega!" wakajibu wote wawili.

"Anabeba nyumba za matajiri, yeye analala nje."

"Punda!" Kifurushi akaruka. Huyo kila kitendawili alikuwa anajibu punda, ila siku hiyo kilimwangukia.

Kasuku hakucheka. Akasema kwa sauti ndogo, "Kitendawili."

"Tega."

"Kila siku anazidi kupanua mdomo, ila hajala bado."

Nikafikiri. Kiboko? Akatikisa kichwa. Kisima? Akatikisa kichwa. Mkoba wa nyapara? Hapo baba yake akacheka, yeye hakucheka.

"Haya, nimekupa mji mzima na soko lake. Nipe jibu."

"Jibu liko kule juu kwenye majani, Bibi. Twende kesho ukalione."

"Kwa miguu hii? Kile kilima kinataka mbuzi. Lala."

Akanitazama. Nilidhani ana usingizi.

Siku ya tatu Jemadari akasimama tena. Ikawa imetosha. Kama mnavyosema nyie vijana, kilinuka.

Nyapara alikuja hadi kwenye jiko langu. Alikuwa mtu wa kupiga filimbi, hakuwa mtu wa kupiga kelele, lakini siku hiyo alipiga.

"Bibi, lori ni la tatu hili linarudi tupu! Punda wako amenigeuzia watu kuwa waganga!"

"Punda ni mnyama, baba. Ana siku zake."

"Basi siku zake zimekwisha. Kesho asipoingia, kesho kutwa anakwenda kuchunwa ngozi. Wanunuzi wa ngozi wapo, na watu wa kuchimba wapo, mtoto wako sio wa kwanza wala wa mwisho."

Kasuku alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliyasikia yote.

Njiani kurudi nyumbani akanishika khanga.

"Bibi, watamchuna kweli?"

"Akigoma, watamchuna."

"Na akiingia?"

"Akiingia atafanya kazi, ataishi. Si ndivyo tunavyotaka?"

Kasuku, yule msemaji, alitembea njia nzima ameshika sikio la yule punda, machozi yanamdondoka kidevuni, na mimi nikasema moyoni, mtoto anampenda mnyama wake.

Nikaamua. Nilikuwa na maarifa ambayo nyapara hakuwa nayo.

Punda anayegoma ana dawa mbili. Ya kwanza, mfunge gunia machoni. Ya pili, mwingize kinyumenyume. Ukimvuta mbele anajua unampeleka, ila ukimsukuma kwa nyuma hana habari kama anaingia au anatoka. Hayo alinifundisha marehemu. Na kuna la kuongezea: mpandishe mtoto anayemjua. Punda akisikia uzito wa mtoto mgongoni, anatulia.

Siku ya nne asubuhi nilivaa viatu vya marehemu mume wangu, nikachukua gunia.

Watu wote walikuwa juu, wamekaa kwenye magogo, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza. Nikamfunga Jemadari macho. Nikamgeuza. Nikamwita Kifurushi.

"Panda, mume wangu. Leo wewe ndio rubani."

Mtoto akafurahi! Meno yote nje, hata lile pengo.

Hapo ndipo Kasuku alipopiga ukelele. Nimeshasikia watu wakilia msibani, sijasikia ukelele kama ule.

"Sio yeye, Bibi! Bibi, sio yeye! Ukuta unaanguka! Baba, mwambie Bibi!"

Watu wakaanza kunong'ona. Mmoja akainuka aondoke. Nikaona kazi yangu inaharibika mbele ya macho yangu.

Nikamgeukia mjukuu wangu. Nikamwambia maneno ambayo nayajutia mpaka leo.

"Funga mdomo. Unawatia watu wazima hofu za kitoto."

Akaufunga.

Nikaweka mikono kifuani kwa Jemadari nikasukuma. Hatua moja nyuma. Mbili. Tano. Akapita magogo bila kujua amepita. Kengele ikalia, na wale watano wakaufuata mlio wake, kichwa kwa kichwa, kama watoto wa shule.

"Bibi huyu kiboko!" mtu akasema. Wakaanza kushuka. Mwanangu akapita karibu yangu, sururu begani, akanigusa bega.

"Mama, wewe ni noma."

Nilijisikia kijana, wajukuu zangu. Nisiwafiche. Nilijisikia kama bibi harusi.

Chini kulikuwa na baridi. Ukuta ulikuwa juu yetu, umeinama, na chini yake giza la pale walipokuwa wameula. Nikasikia kitu. Tsss. Kidogo tu. Kama mtu anachuja unga.

Mstari mwembamba wa mchanga ulikuwa unashuka peke yake. Hakuna aliyeugusa ukuta.

Nikasema, ni upepo.

Nyapara akapiga filimbi. Sururu zikapanda. Nami, ili watu wote waone, nikamvua Jemadari gunia.

"Mmeona? Kuna jini hapa? Kuna kaburi?"

Jemadari akapepesa macho. Akatazama ukuta. Kisha akageuza kichwa akatazama juu, kule mlangoni.

Kwenye magogo alikuwa amesimama Kasuku peke yake. Hakupiga kelele. Alikuwa ameinua mkono juu, ngumi imefungwa.

Masikio ya Jemadari yakasimama wima.

Akaondoka.

Sio kutembea, wajukuu zangu. Mbio. Kifurushi akamkumbatia shingo, mashogi yanapigapiga, kengele inalia kama moto umeshika nyumba. Watano wakageuka wakamfuata, mmoja akanisukuma nikaangukia njiani.

"Punda wanakimbia!" Kikohozi akapaza sauti. Yule mtu asiyeweza kumaliza sentensi bila kukohoa alikuwa wa kwanza kutoka. "Kimbieni! Msiulize!"

Na hawakuuliza. Watu kumi na mmoja walitupa zana wakakimbia nyuma ya punda. Mwanangu akaninyanyua kama gunia, akanibwaga juu karibu na magogo.

Kisha akakumbuka sururu yake. Ilikuwa mpya.

"Mwanangu, iache!"

"Dakika moja, Mama."

Alishuka hatua labda kumi na tano.

Ukuta haukupiga kelele. Nilidhani kitu kikubwa namna ile kingepiga kelele. Ulikaa chini tu, kama mtu mnene aliyechoka, na shimo lote likawa vumbi. Hewa ilitupiga kifuani. Kisha nikasikia sauti ya mwanangu, na sikuwa nimewahi kuisikia tangu akiwa mtoto.

Walimchimba kwa mikono. Alifukiwa kuanzia kiunoni kushuka chini. Aliishi. Mguu wake wa kushoto hakuishi nao sawa tena. Mpaka leo anauburuta, na kila nikisikia unavyokwaruza sakafu najua nani aliyeuvunja.

Pale palipokuwa na watu kumi na mmoja dakika tatu kabla, pangehitaji siku mbili kumfikia hata mmoja.

Jioni tulikuwa tumekaa kwenye benchi la zahanati, mimi na Kasuku, tunasubiri daktari. Kifurushi alikuwa amelala mapajani mwangu. Nikasema, "Mungu ametupa punda mwenye macho ya ndani."

Kasuku akafungua ngumi yake.

Tangu asubuhi alikuwa hajaifungua. Ndani yake mlikuwa na chumvi ya mawe, imeshalowa jasho, imemchubua kiganja.

"Bibi," akasema, "Jemadari hajui kitu."

"Unasemaje?"

"Nilimfundisha. Wiki nzima kabla hajagoma. Akisimama kwenye magogo, nampa chumvi. Akisogea, simpi. Nilijua wengine watasimama naye."

Nikakishika kile kiganja kilichochubuka.

"Ule ufa wa kule juu, siku ya kwanza niliingiza kidole. Siku nyingine kiganja. Juzi mkono wote mpaka kwenye kiwiko. Nilimwambia Baba, akasema nisiende kucheza kule. Nilimwambia nyapara, akasema mwambie bibi yako akupe kazi. Nilikwambia na wewe."

"Uliniambia," nikasema.

"Mkakataa kunisikia mimi. Nikaona punda mtamsikia."

Sijui kama wale punda walikimbilia chumvi au walisikia ule mchanga unaochuja. Labda vyote viwili. Hilo namwachia punda. Ninachojua ni kwamba mtoto wa miaka kumi na mmoja alibeba uhai wa watu kumi na mmoja kwenye kiganja chake, na bibi yake akamwambia afunge mdomo.

Nikainuka pale pale niende kuwaambia watu. Akanishika khanga.

"Usiwaambie, Bibi. Wakijua ni mimi, siku nyingine hawatasimama."

Nikakaa.

Na alikuwa sahihi. Wiki iliyofuata yule nyapara mwenye fimbo alimletea Jemadari mzigo wa majani mabichi, akavua na kofia. Walipofungua upande mwingine wa shimo, wachimbaji wakajiwekea sheria: punda mbele kila asubuhi. Akiingia, tunaingia. Akigoma, tunakwenda nyumbani.

Miaka mitano.

Miaka mitano, kila alfajiri, Kasuku alipanda kile kilima kabla ya shule, akapima ardhi kwa vidole vyake, akashuka, akaamua kama leo punda atagoma. Alimgomesha mara nne. Mara mbili ukuta ulianguka pasipo na mtu chini.

Watu wakamshukuru punda.

Mimi niliishika ahadi yangu ya kutosema, kimya kimya, kila siku, na chai yangu.

Mwezi uliopita Jemadari alikufa. Uzee tu. Aliamka, akanywa maji, akalala tena. Wachimbaji walimlilia kama ndugu. Mmoja akauliza, "Sasa nani atatuambia?"

Kasuku, ana miaka kumi na sita sasa, akanyoosha mkono kama yuko darasani.

"Mimi."

Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka kama mtu anavyomcheka mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Mwanangu hakucheka; siku hizi ndiye anayenoa zana pale juu. Akasema, "Msikilizeni." Nyapara akamwambia, "Kaka, majonzi hayo."

Wamenunua punda mwingine wa mbele. Mzuri, mnene, hagomi. Wanaye mtu wao wa kumwongoza, na Kasuku wamemkataza asimkaribie, eti asimdekeze.

Sasa mnataka kujua kwa nini bibi mzima amekaa na simu ya mjukuu tangu mchana, anaandika kwa kidole kimoja.

Leo asubuhi Kasuku ameshuka kutoka kilimani, mkono una udongo. Aliunyoosha tu, akanionyesha udongo ulipofikia.

Kwenye kifundo cha mkono.

Alikwenda kumwambia nyapara. Nyapara akamjibu, mbona punda ameingia vizuri tu.

Basi leo navunja ahadi yangu, naye ameniruhusu. Najua mnasoma hapa, nyie mnaoshuka kule. Najua na wake zenu wanasoma. Punda hakuwahi kuona kitu. Hakuwahi kuwa na macho ya ndani. Mliyemwamini miaka yote mitano, mkamvulia kofia, mkamlilia, alikuwa binti huyu mnayemcheka.

Ukweli hauongezeki uzito kwa kupita kinywani mwa mkubwa, wala haupungui kwa kutoka kwa mtoto. Mimi nilikataa kulielewa hilo, na mwanangu ndiye anayelilipia kwa mguu.

Kama una mtu wako anayeshuka lile shimo kesho saa moja asubuhi, usimtumie hii akasome akipata nafasi. Mpigie. Msomee.

Nami nitakuwa nimesimama pale mlangoni na mjukuu wangu. Safari hii atakayemwambia afunge mdomo, aanze na mimi.